Jinsi ya kurudisha nguvu inayomwagwa na maji ya chumvi kwenye mtambo wa RO wa bahari

Kama una mtambo wa RO wa maji ya bahari, yaani ule unaosukuma maji kwa presha kwenye membreni (ngozi nyembamba za kuchuja chumvi) ili upate maji matamu, na bili ya umeme inakutoa jasho, kabla hujaanza kulaumu pampu au membreni nenda kasimame pale maji ya chumvi kali yanapotokea, yale yanayobaki baada ya maji matamu kuchujwa, alafu soma geji iliyo kabla ya valvu ya kutolea. Kama maji yanaingia kwenye membreni na presha ya baa 60, hapo utakuta 58 au 58 na nusu. Imepungua kidogo sana. Na hayo maji ndo mengi kuliko yale matamu unayoyapata, na presha yote hiyo umeinunua kwa umeme, inafika kwenye valvu inageuka kelele na joto kidogo, basi imeisha, imeenda baharini.

Hapa naeleza namna ya kuirudisha: kupiga hesabu, kuchagua kifaa, kukifunga, kukiwasha, na kujua kama kweli kinafanya kazi. Nitakaa sana kwenye mizani ya mtiririko wa maji manake watu wengi wananunua kifaa kizuri cha bei kubwa alafu wanakiendesha kwa kuangalia geji za presha peke yake, na presha haikuambii karibu chochote kuhusu afya ya hiki kifaa. Mtiririko na chumvi ndo vinasema.

Kwanza piga hesabu yako

Maji ya bahari ya kawaida yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita na presha yake ya osmosisi ni karibu baa 27, kwaiyo chini ya hapo membreni haitoi hata tone. Na kadiri maji matamu yanavyotoka ndo yanayobaki yanazidi kuwa makali, ndo mana mitambo mingi ya bahari inaendeshwa kati ya baa 55 na 70. Uvunaji, yaani katika maji yaliyoingia ni asilimia ngapi yametoka matamu, huwa ni 35 mpaka 45. Yaliyobaki yote, zaidi ya nusu, yanatoka upande wa pili na presha yake.

Fomula ni moja tu na inatosha: mtiririko wa kyubiki (mita za ujazo) kwa saa, mara presha kwa baa, gawanya kwa 36, unapata kilowati za maji.

Tuchukue mtambo wa kutoa kyubiki 10 za maji matamu kwa saa, uvunaji asilimia 40, presha baa 60. Ili upate 10 lazima uingize 25, kwaiyo 15 zinatoka na chumvi zikiwa na baa 58.5. Kama hurudishi chochote, pampu kubwa inabeba zote 25, na 25 mara 60 gawanya kwa 36 ni kilowati 41.7. Hizo ni za kwenye maji. Weka ufanisi wa pampu asilimia 85 na wa mota asilimia 93, ukizidisha ni kama 79, umeme unaovuta unakuwa karibu kilowati 53, yaani uniti 5.3 kwa kila kyubiki ya maji matamu. Sasa piga ya maji unayomwaga: 15 mara 58.5 gawanya kwa 36 ni kilowati 24.4. Zaidi ya nusu ya kazi yote ya pampu inatoka na taka.

Ujue pia kuna sakafu ambayo hakuna mashine itakayoivunja. Kwa maji ya bahari ya gramu 35 kwa lita na uvunaji wa asilimia 50, fizikia yenyewe inadai kama uniti 1.06 kwa kyubiki hata ungekuwa na mtambo usio na hasara yoyote. Kwaiyo mtu akikuambia kifaa chake kitakushusha mpaka nusu uniti kwa maji ya bahari, mwache apite.

Kifaa gani kinakufaa

Kuna familia mbili. Ya kwanza inageuza presha ya maji kuwa mzunguko wa shafti, ya pili inahamisha presha moja kwa moja kutoka maji ya chumvi kali kwenda maji mapya ya bahari bila kupita kwenye shafti. Tofauti hii ndo inaamua karibu kila kitu kingine.

Kwenye familia ya kwanza walianza na pampu za kawaida zinazozungushwa kinyume na turbaini za Francis, baadaye ikaja ya Pelton, ambayo ni teknolojia ya zamani sana, Lester Pelton alipata hataza yake Marekani mwaka 1880 kwa ajili ya maji ya kutoka milimani. Kwenye RO maji ya chumvi yanapigwa kwa nozeli kwenye vikombe vya gurudumu, gurudumu limefungwa shafti moja na mota ya pampu kubwa, linaisaidia mota. Ikiendeshwa vizuri inarudisha asilimia 80 na kitu, na kwenye mfano wetu ingekushusha mpaka kama uniti 3 kwa kyubiki. Kinachosumbua ni kwamba maji yanatoka kwenye Pelton yakiwa hayana presha kabisa, yanadondoka tu, kwaiyo lazima mtambo uwe juu ya mfereji wa kutolea au uweke pampu nyingine ya kuyasukuma, na hilo watu wanalikumbuka wakiwa wameshamwaga zege.

Alafu kuna tabochaja, hii nayo ni ya shafti ila haihusiani na mota. Upande mmoja ni turbaini inayozungushwa na maji ya chumvi, upande mwingine ni pampu inayoongeza presha kwenye maji yanayotoka pampu kubwa kwenda membreni. Haina umeme, haina mchanganyiko wa chumvi, mabomba yake ni machache. Kukadiria presha inayoongeza ni rahisi: ufanisi wa tabochaja, mara sehemu ya maji ya chumvi katika maji yote, mara presha ya maji ya chumvi ukitoa ile ya kutokea. Kwa mtambo wetu mdogo tuseme ufanisi ni 0.6, basi 0.6 mara 0.6 mara 57.5 unapata kama baa 20. Yaani pampu kubwa sasa inapandisha mpaka baa 40 tu na tabochaja inamalizia. Umeme unashuka kwenye uniti 3.5 hivi. Tabochaja kubwa zina ufanisi zaidi ya hapo, ndogo ndo zinapoteza.

Familia ya pili ndo imebadilisha hii biashara yote. Kuna za pistoni, ambapo maji ya chumvi yanasukuma pistoni ndefu ndani ya silinda na upande wa pili pistoni inasukuma maji ya bahari, valvu zinabadilishana zamu, DWEER ni ya aina hii na mtambo wa Ashkelon kule Israeli ulioanza 2005 unaitumia. Na kuna ya rota, ambayo wengi wanaijua kwa jina la PX, mtambo wa Perth kule Australia wa 2006 umefungwa hizi. Rota ni ngoma ya seramiki yenye matundu marefu kama silinda ya bastola, inaelea kwenye maji na inazungushwa na maji yenyewe, haina mota wala beringi ya chuma. Tundu likifika upande wa presha kubwa maji ya chumvi yanaingia na kuyasukuma maji ya bahari yaliyokuwa ndani yatoke na presha karibu ile ile, tundu likizunguka upande wa presha ndogo maji mapya ya bahari yanaingia na kuisukuma chumvi itoke nje. Maji hayo mawili yanagusana ana kwa ana, hakuna ukuta kati yao, ila mzunguko ni wa haraka kiasi kwamba hayapati muda wa kuchanganyika sana. Ufanisi unafika asilimia 95 mpaka 97 na kitu.

Kwa mtambo wetu maana yake ni kwamba pampu kubwa haibebi tena kyubiki 25. Inabeba 10 za maji matamu na 0.3 hivi za uvujaji wa ndani wa kifaa, basi. 10.3 mara 60 gawanya 36 ni 17.2, ukigawanya kwa 0.79 ni kilowati 21.7 za umeme. Kyubiki nyingine 14.7 zinapata presha kwenye kifaa, zinatoka na baa 57.5, pampu ndogo ya busta inazimalizia baa 2.5 zilizobaki, hiyo inakula kilowati 1.6 tu. Jumla 23.3, yaani uniti 2.3 kwa kyubiki. Kutoka 53 mpaka 23 na kitu, mtambo ukiwaka saa 24 ni kama uniti 700 kila siku. Hapo sijaweka pampu za kuvuta maji baharini na za machujio, hizo zipo kwa kila aina, ndo mana mtambo mzima wa kisasa ukihesabu kila kitu huwa unakaa kwenye 3 mpaka 4.

Mtu atauliza kwa nini basi isiwe hii ya rota kila mahali. Sababu kubwa ni pampu uliyonayo. Kama mtambo wako ni wa zamani na una pampu ya kyubiki 25 huwezi tu kuongeza kifaa cha kubadilishana presha pembeni yake, manake mtiririko wa pampu kubwa sasa ndo unakuwa maji matamu yako, na ukilazimisha 25 zipite kwenye membreni za kutoa 10 presha itapaa mpaka kitu kipasuke. Una njia mbili: ununue pampu ndogo zaidi, au uibakize pampu uongeze membreni, kisima cha kuvuta maji na machujio, utoe maji zaidi ya mara mbili kwa umeme ule ule wa pampu kubwa. Hii ya pili ni nzuri sana kama mahitaji ya maji yapo. Kama huna hela ya yoyote kati ya hizo, funga tabochaja, inakubali pampu ya zamani bila ugomvi, ilimradi pampu iwe ya kasi ya kurekebishika au upunguze hatua zake, yale magurudumu ya ndani yanayopandisha presha.

Kwa mitambo midogo kabisa, ya boti au nyumba chache, kuna vifaa vya pistoni kama Clark pump ambavyo uvunaji unaamuliwa na ukubwa wa pistoni na fimbo yake, huwezi kuubadilisha, unaweka pampu ndogo ya presha ya chini na kifaa kinafanya yaliyobaki. Na kuna kama iSave ya Danfoss ambayo kibadilisha presha, busta na mota viko kwenye mwili mmoja. Kwa mtu asiye na fundi karibu mimi ningemwambia achukue kilichounganishwa tayari, hesabu za mizani zinapungua sana.

Kufunga

Nazungumzia ya rota kuanzia hapa, ila mengi yanafaa kwa zote.

Kabla kifaa hakijaguswa, safisha mabomba. Weka vipande vya bomba mahali kifaa kitakapokaa, endesha maji ya kasi upande wa presha ndogo na upande wa presha kubwa mpaka chujio la muda lisiwe na kitu, ndo ufunge kifaa. Nafasi kati ya rota na ganda lake ni nyembamba kuliko unywele, na hiyo nafasi ndo beringi yake. Nilishaona rota iliyokwama ikifunguliwa na ndani kukawa na utepe mdogo wa plastiki, ule unaobaki ukikata bomba la PVC kwa msumeno, umekaa umejikunja kwenye ukingo wa tundu moja. Kitu unachoweza kukipuliza kwa mdomo kilikuwa kimesimamisha mtambo. Chembe za kulehemu ni mbaya zaidi kwa sababu zinakwaruza. Maji yanayoingia upande wa presha ndogo lazima yapite kwenye chujio la mikroni 5 kama yale ya pampu kubwa, usiyachepushe kabla ya chujio eti kuokoa katriji.

Mabomba ya presha kubwa usitumie stenlesi ya 316L. Najua ni rahisi kupatikana, lakini kwenye maji ya chumvi kali inakula kutu kwenye mianya, chini ya oringi (pete za mpira za kuzibia) na kwenye kapilingi (viungio vya bomba), mahali ambapo huoni mpaka ianze kuchuruzika kwa baa 60. Tumia super dupleksi, stenlesi inayostahimili chumvi, ile ya 2507 au inayolingana nayo. Upande wa presha ndogo PVC au faibaglasi inatosha.

Bomba libebe uzito wake lenyewe kwa saponi (vishikio) zake, kifaa kisishikilie bomba. Na usivute bomba kwa nguvu likutane na mdomo wa kifaa, kama havilingani rekebisha bomba.

Weka mita za mtiririko tatu: moja ya maji matamu, moja kwenye laini ya busta, moja kwenye maji ya presha ndogo yanayoingia kwenye kifaa. Ukiweza weka ya nne kwenye pampu kubwa. Watu wanakata hizi mita kwenye bajeti, na ukizikata umejifunga macho, utabaki kubahatisha. Weka pia vibomba vya kuchukulia sampuli kwenye njia zote nne za kifaa. Valvu ya kurekebisha mtiririko wa presha ndogo ikae upande wa kutokea, baada ya kifaa, ili ndani ya kifaa kubaki na presha kidogo muda wote.

Kuwasha na kuzima

Mpangilio huu usiruke hata hatua moja. Anza na pampu ya kulisha, ile ya presha ndogo, acha maji yapite kwenye kifaa na kwenye membreni, fungua vitoa hewa vyote vya sehemu za juu mpaka maji yatoke bila mapovu. Hewa ikibaki ndani ndo ile milio ya kugonga utakayoisikia baadaye. Kisha washa busta taratibu kwa inveta, kile kifaa cha kubadilisha kasi ya mota. Hapa tega sikio: rota ikianza kuzunguka utasikia mvumo wa chini unaopanda kadiri busta inavyoongeza kasi. Kama busta inazunguka, mita yake inasoma mtiririko, na huo mvumo haupo, zima. Rota haizunguki.

Rekebisha mtiririko wa pande mbili ulingane, acha iende hivyo dakika kadhaa, ndo uwashe pampu kubwa na kupandisha presha pole pole, membreni hazipendi zaidi ya baa 0.7 kwa sekunde. Kuzima ni kinyume: pampu kubwa kwanza, subiri presha ishuke yenyewe, busta, alafu ya kulisha mwisho.

Na kwenye paneli lazima kuwe na mfumo huu wa kuzima wenyewe: busta ikisimama au mtiririko wake ukishuka, pampu kubwa izime hapo hapo. Busta ikisimama huku pampu kubwa ikiendelea, maji yote ya pampu yanalazimishwa kuwa maji matamu na chumvi haina pa kwenda, inajikusanya kwenye membreni, presha inapaa na chokaa inaanza kuganda. Hili sio la kusubiri opereta agundue. Jaribu huo mfumo kwa kuzima busta kwa makusudi siku ya kukabidhiwa mtambo, presha ikiwa ndogo, uone pampu kubwa inazima kweli.

Mizani

Sasa tumefika penyewe. Kwenye mtambo wenye kifaa hiki, pampu kubwa ndo inaamua maji matamu. Busta ndo inaamua mtiririko wa chumvi, kwaiyo ndo inaamua uvunaji. Valvu ya upande wa presha ndogo inaamua maji mapya yanayoingia kwenye rota. Presha haiamuliwi na yeyote kati yao, inajipanga yenyewe kulingana na chumvi, joto la maji na hali ya membreni. Ukielewa hizo sentensi nne umeelewa kuendesha mtambo huu, na ukitaka kubadilisha uvunaji unajua unagusa inveta ya busta na sio valvu ya chumvi kama zamani.

Mtiririko wa presha ndogo unaoingia ulingane na ule wa busta au uzidi kidogo. Kwa mfano wetu busta inapitisha 14.7, presha ndogo weka kama 15.3. Ukiiacha ikashuka, tuseme ikawa 13, matundu ya rota hayasafishiki yote, chumvi inayobaki inasukumwa kurudi kwenye membreni. Membreni inaona maji makali zaidi, presha inapanda, maji matamu yanaongezeka chumvi, na wewe unaangalia geji unadhani membreni zimechafuka, unapiga dawa za kuosha bure. Ukiizidisha sana kwa upande mwingine, chumvi inapungua kweli lakini unamwaga maji ambayo umeshayalipia kuvuta na kuchuja, na ukivuka kiwango cha juu cha kifaa rota inapiga kelele na kuchakaa.

Kuchanganyika kidogo ni kawaida, huwezi kukumaliza kabisa. Kukupima ni hivi: chukua sampuli ya maji ya bahari yanayoingia, ya chumvi kali inayoingia kwenye kifaa, na ya maji yanayotoka kwenye kifaa kwenda busta. Toa chumvi ya bahari kwenye chumvi ya yanayotoka, gawanya kwa tofauti kati ya chumvi kali na bahari. Kwa mfano bahari 35, chumvi kali 58.3, yanayotoka 36.4: 1.4 gawanya kwa 23.3 ni asilimia 6. Hiyo ni sawa. Baada ya kuungana na maji ya pampu kubwa, membreni inaona kama 35.8, ongezeko la asilimia 2 na kitu, na presha inaongezeka kidogo tu, chini ya baa moja au hapo hapo. Ukipata asilimia 12 au 15, kabla ya kitu kingine chochote rudi kwenye valvu ya presha ndogo uongeze mtiririko. Mita inayopima jinsi maji yanavyopitisha umeme inatosha kwa kipimo hiki, hata kama uhusiano wake na gramu sio mstari mnyoofu kabisa, cha muhimu utumie mita ile ile kila mara.

Ufanisi nao unapigwa kwa namba nne za mtiririko na nne za presha. Zidisha kila jozi, jumlisha zinazotoka, gawanya kwa jumla ya zinazoingia. Zinazoingia: chumvi kali 15.0 kwa baa 58.5, bahari 15.3 kwa baa 2. Jumla 908. Zinazotoka: kwenda busta 14.7 kwa baa 57.5, kwenda nje 15.6 kwa baa 1.2. Jumla 864. Gawanya, unapata asilimia 95. Hakikisha kwanza kyubiki zinazoingia na zinazotoka zinalingana, hapa ni 30.3 pande zote, zisipolingana mita yako moja inadanganya na hesabu yote haina maana.

Dalili na maana zake

Kelele ikipanda ghafla, angalia kama mtiririko umevuka kiwango, alafu angalia presha ya kutokea upande wa chini. Ikishuka sana maji yanachemka ndani kwa kukosa presha, vipovu vinapasuka kwenye seramiki, hiyo ni kavitesheni na inakula. Bana valvu ya kutokea kidogo. Kiwango cha chini kipo kwenye kitabu cha kifaa chako, kiandikwe na kwenye paneli pia.

Rota ikikwama, na hii ndo ya kuijua kwa moyo, mtambo hauzimi wenyewe. Presha zinabaki, mita zinabaki, kila kitu kinaonekana kinaenda. Ila chumvi kali inapita moja kwa moja kwenye tundu kwenda busta na kurudi membreni, maji ya bahari nayo yanapita moja kwa moja kwenda nje. Utaona chumvi ya maji yanayotoka kwenda busta imekaribia ile ya chumvi kali, ya kutokea nje imekaribia ya bahari, presha inapanda, na ule mvumo umenyamaza. Mtambo wenye vifaa vingi sambamba ni rahisi kutoligundua kwa sababu vingine vinaficha, kwaiyo pita kimoja kimoja na mita ya chumvi, na ukiweka bisibisi ndefu sikioni kwenye ganda utasikia kipi hakizunguki.

Tofauti kati ya pampu kubwa na maji matamu ikianza kukua, ile 0.3 ikawa 0.5, baadaye 0.8, uvujaji wa ndani unaongezeka, rota na ganda vinachakaa au vimekwaruzwa. Hii inatokea taratibu mno, bila daftari huioni. Andika kila zamu mitiririko, chumvi tatu, na joto la maji.

Joto nalisema kwa sababu maji yakipoa membreni zinabana na presha inapanda bila kosa la mtu yeyote, usikimbilie kufungua kifaa. Kama mizani iko sawa na mchanganyiko uko asilimia 6, kifaa hakina kesi, tafuta kwenye membreni.

Mtambo ukisimama zaidi ya muda mfupi, suuza kwa maji matamu yasiyo na klorini pande zote mbili za kifaa, presha ndogo na presha kubwa. Wengi wanasuuza membreni tu, upande wa presha ndogo wa kifaa unabaki na maji ya bahari yaliyotuama, vijidudu vinaota kwenye ule mwanya mwembamba na siku ya kuwasha rota imegoma. Wakati wa kusuuza upande mkubwa washa busta kwa kasi ya chini ili rota izunguke na kila tundu lipate maji.

Ikibidi kufungua, fanyia juu ya meza safi yenye kitambaa, sio sakafuni kwenye mchanga. Seramiki ni ngumu sana kwa kukwaruzwa lakini ukiigonga inameguka, kwaiyo hakuna nyundo hapa, hata ya mpira. Weka alama za kalamu kwenye kila kipande kabla hakijatoka ili kirudi kilivyokuwa, oringi weka mpya zote hata kama za zamani zinaonekana nzima, paka glisirini na sio grisi ya mafuta, alafu kabla ya kufunga mabomba izungushe rota kwa kidole kupitia tundu la kuingilia. Inatakiwa izunguke bila kusita mahali popote. Ikisita, fungua tena.